Mto Ukijaa, Mwenye Kafi Ndiye Mwenye Neno

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wavushaji na wakazi wa kando ya Mto Tana, kabla ya mvua za masika

Najua wengine wenu mmeacha mashamba, na wengine mmefunga mitumbwi saa ambazo abiria ni wengi. Sitawaweka sana.

Naomba nianze kwa kukiri jambo. Mwaka 2024, mvua za masika zilipozidi, kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo. Niliandika moja fupi, likasomwa redioni na kusambazwa kwenye simu: "Wakazi wanaombwa wasivuke mto." Nikadhani nimemaliza kazi.

Siku mbili baadaye nilifika kwenye kivuko kimoja, kamera begani, nikamkuta mzee anayevusha watu. Akaniambia, "Mwanangu, tangazo lako nimelisikia. Sasa nifundishe, nimjibu nini mama yule?" Akanionyesha kwa kidevu mwanamke aliyeketi chini ya mwembe, mtoto amemlalia mapajani, ana homa kali. Zahanati ilikuwa ng'ambo.

Sikuwa na jibu. Mzee akatembea kando ya mto kuelekea juu, akasimama akitazama maji kwa muda mrefu, akarudi. "Leo jioni hapana," akasema. "Kesho kukipambazuka tutaona." Yule mama akaanza kulia. Vijana waliokuwa hapo wakamdhihaki mzee, wakamuuliza tangu lini ameanza kuogopa maji. Hakuwajibu. Tukampigia simu mhudumu wa afya wa jamii upande wetu, akaja kwa bodaboda, akakaa na mtoto usiku kucha akimpoza mwili na kumnywesha maji.

Alfajiri walivuka watu wanne tu: mzee, mpwa wake, mama na mtoto. Hawakubeba hata gunia moja. Walifikia mbali sana chini ya pale wanapotia nanga kila siku, lakini walifika, na mtoto akatibiwa. Baada ya kurudi, mzee alinionyesha mkuyu mzima, mizizi na matawi, uliokwama karibu na gati la ng'ambo. Jioni iliyopita haukuwepo. Uliletwa na mto usiku, gizani.

Nilirudi ofisini nikijua kwamba tangazo langu lilikuwa nusu. Nilikuwa nimewaambia watu wasifanye nini, lakini sikuwaambia wafanye nini. Leo nimekuja na ile nusu ya pili.

SI MTO ULE ULE

Watu wa hapa mnaujua Tana kuliko mimi. Mnajua kona zake, mchanga wake na mahali viboko hulala. Lakini ujuzi huo ni wa mto wa kiangazi. Maji yakijaa, mto unaoingia ndani yake una jina lile lile, lakini si mto ule ule.

Kwanza, maji yenyewe hayatoki hapa. Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya, hupita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hushuka Garissa, huja kwetu na kumaliza safari Kipini, baharini. Ni kama kilomita 1,000, mto mrefu kuliko yote nchini. Kwa hivyo mvua inaweza kunyesha milimani siku hizi, mabwawa yakajaa na kufurika, na maji yakatufikia sisi siku kadhaa baadaye, jua likiwa linawaka na anga halina hata wingu. Mtu akitazama mbingu ili kujua hali ya mto, amekosea pa kutazama.

Pili, nguvu za maji haziongezeki kama tunavyodhani. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Ndiyo maana kijana aliyevuka kwa urahisi mwezi wa pili anaweza kupiga kafi kwa nguvu zote mwezi wa tano na asiende kokote ila kule mto unakotaka.

Tatu, mto uliojaa hubeba kila kitu ulichokiinua ukingoni: magogo, matawi, paa za vibanda, mizoga. Huficha visiki vilivyokuwa nchi kavu. Hula kingo, hasa upande wa nje wa kona, ambako maji hukimbia zaidi. Ukingo uliosimama jana leo unaweza kuwa umeachwa mtupu chini, ukisubiri mtu mmoja akanyage.

Na maji yaliyofunika barabara nayo ni mto. Tusisahau Aprili 28, 2024. Boti iliyobeba abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, mahali ambapo siku nyingine ni njia ya magari. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi nyumbani. Wale hawakuwa watu wa mchezo. Walikuwa wasafiri waliotaka kufika upande wa pili, kama sisi sote.

NILIYOJIFUNZA SAGANA

Miaka michache iliyopita nilikwenda Sagana, huko juu ambako mto huu bado ni mchanga na una mawe. Vijana wa huko hufundisha wageni kuendesha kayaki, kile chombo chembamba cha plastiki anachokalia mtu mmoja, mwenye kafi yenye makali pande mbili. Nilidhani ni mchezo wa watalii. Mafunzo ya siku ile ndiyo yaliyonisaidia kuelewa mzee wa kivukoni alikuwa akitazama nini.

Kabla ya kutushikisha kafi, mwalimu alitupeleka juu ya mwamba, akatuambia tutazame maji. Tulikaa hapo nusu saa. Akatuonyesha mahali maji yanapokimbia, mahali yanapojipinda na kurudi nyuma kando ya ukingo, na mahali yanapopita katikati ya matawi yaliyozama. Hapo pa mwisho alipaita chujio. Maji hupita, akasema, lakini mtu na chombo hubaki, kama machicha ya nazi. Mtu akibanwa pale, mto mzima unamsukuma na hauchoki. Alituambia kwamba watu wa kayaki huogopa mti ulioanguka mtoni kuliko maporomoko yenye kelele.

Kisha tukaingia majini, nami nikapinduka. Mkondo ulinisukuma ubavu kwenye jiwe. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikajiegemeza upande wa pili, kulikimbia jiwe. Ukingo wa kayaki upande ule, ambako maji yalikuwa yakitoka, ukazama, maji yakaukamata, na mara nikawa chini. Mwalimu aliponitoa alisema, "Ukisukumwa kwenye jiwe, lilalie. Usilikimbie." Mwili wangu ulitaka jambo moja na maji yakataka jingine. Kwenye mto uliojaa, woga wa ghafla si mshauri mzuri. Jambo la kufanya lijulikane kabla.

Mtumbwi wetu si kayaki. Ni mzito, hubeba familia, mbuzi na magunia ya mahindi. Lakini maji yanayousukuma ni yale yale. Yaliyopita Sagana ndiyo yanayopita hapa.

KABLA YA KUSHIKA KAFI

Haya nimeyakusanya kwa wavushaji wa hapa na kwa waalimu wa huko juu. Nayasema mbele yenu ili mnirekebishe.

Pimeni mto kila jioni na kila asubuhi. Chomekeni kijiti mahali maji yanapoishia. Asubuhi kijiti kikiwa kimemezwa, mto unapanda, na mto unaopanda ndio unaobeba magogo mengi. Kama kijiti kimebaki nchi kavu, unashuka. Kijiti hakigharimu kitu, na hakidanganyi.

Tembeeni kuelekea juu kabla ya kuvuka, mtazame kinachokuja. Kisha tazameni chini: mkishindwa kufika pale mnapotaka, mkondo utawapeleka wapi? Kama chini kuna miti iliyozama au kona yenye ukingo uliobomoka, kivuko hicho hakifai siku hiyo, hata kama ndicho babu alichokitumia.

Punguzeni mzigo. Mzee mmoja hupima kwa mkono: kati ya ukingo wa mtumbwi na maji lazima pawe na shibiri nzima, watu wote wakiwa wameketi. Pakipungua, mtu mmoja au gunia moja linashuka. Fikirieni hivi: mtungi wa lita 20 uliojaa una uzito wa kilo 20. Mawimbi mawili yakimwaga mitungi mitano ndani ya mtumbwi, mmeongeza kilo 100, yaani abiria mwingine mkubwa, ambaye haketi mahali pamoja. Hukimbilia upande ulioinama.

Abiria wote waketi chini, katikati. Anayesimama huufanya mtumbwi ulevye. Pikipiki na ng'ombe wasubiri maji yashuke.

Kila mtu avae jaketi ya kuokoa maisha, ifungwe vifungo vyote. Jaketi iliyokaliwa kama mto wa kiti haimwokoi mtu. Ya mtu mzima haimfai mtoto, maana itamponyoka. Mtungi mtupu uliofungwa kifuniko barabara huelea na unafaa kushikwa, lakini haulingani na jaketi.

Mama mwenye mtoto mchanga asimfunge mgongoni kwa leso. Mama akiangukia majini na kuelea chali, mtoto wa mgongoni yuko chini ya maji. Apakatwe mbele.

Na usiku hakuna kuvuka. Gogo halina taa. Mamba na viboko pia hawana, na mafuriko huwasogeza karibu na vijiji na vivuko.

MKIWA MAJINI

Wavushaji wazoefu mnajua kwamba mto uliojaa hauvukwi kwa kuukata moja kwa moja. Vuteni mtumbwi kwanza kuelekea juu, kando ya ukingo, kwenye maji yaliyopoa. Mkianza kuvuka, omo itazame juu ya mto kwa mshazari, na kafi isisimame. Hapo mkondo wenyewe unawasaidia kuwapeleka ng'ambo. Mkiugeuzia mto ubavu, unawachukua unavyotaka.

Upondo unaofika chini kiangazi hautafika wakati wa mafuriko, kwa hivyo muwe na kafi mbili na kata ya kumwagia maji. Kafi moja ikivunjika katikati ya mto, ya pili ndiyo maisha yenu.

Mkisukumwa kwenye gogo au mti, kumbukeni jiwe langu la Sagana: egemeeni upande wa gogo, wote pamoja. Mkilikimbia, upande wa juu utazama na mtumbwi utajaa.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Ushikeni, lakini mkae upande wa juu yake, kule maji yanakotoka. Aliye upande wa chini anaweza kubanwa kati ya mtumbwi na mti. Kama mtumbwi unaelekea kwenye miti, uacheni. Mtumbwi huchongwa mwingine.

Uliyeachwa peke yako, lala chali, miguu mbele ikitangulia kule maji yanakokwenda, uisukume mbali vitu kwa nyayo. Usijaribu kusimama katikati ya mkondo, hata ukihisi mchanga. Mguu ukinaswa kwenye mzizi, maji yatakuinamisha na hutainuka. Ogelea kwa mshazari kuelekea ukingoni, upande wa ndani wa kona ambako maji ni polepole. Ukiona huwezi kuikwepa miti iliyozama, geuka, uiendee kwa kichwa na mikono mbele, upande juu yake kwa nguvu zote. Usikubali kupita chini.

Mlio ukingoni, msiruke majini. Najua ni vigumu kusikia mtu akiita na wewe umesimama. Lakini mara nyingi anayeruka kuokoa huwa wa pili kuzama. Mfikishieni upondo. Mkishindwa, mrushieni kamba iliyofungwa mtungi mtupu. Kila kivuko kiwe na kamba hiyo, imening'inizwa mahali panapoonekana, na isifungiwe mbuzi. Kisha pigeni simu kwa chifu, na kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199, ambayo haitozwi.

HAKI YA KUSEMA HAPANA

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa.

Mvushaji wetu analipwa kwa abiria. Asipovusha, hali. Mto ukijaa, wanaotaka kuvuka huongezeka, kwa sababu barabara zimekatika na madaraja ya Tana kutoka Garissa hadi baharini ni machache. Kwa hivyo siku ambayo mto ni mbaya zaidi ndiyo siku ambayo anasukumwa zaidi. Mfanyabiashara anamwongezea nauli. Mwanasiasa ana mkutano. Mwalimu ana mtihani. Hata sisi wa serikali, wenye fulana za kazi na haraka zetu, tumewahi kusimama kivukoni na kusema, "Mzee, tuvushe tu, ni dakika kumi." Nimewahi kuisema mimi mwenyewe.

Nawaomba tukubaliane hapa, mbele ya chifu na wazee: mwenye kafi akisema hapana, iwe hapana. Asibembelezwe, asitukanwe, asiongezewe pesa, na asitafutwe kijana mwingine asiye na uzoefu avushe badala yake. Huyo kijana ndiye nimhofiaye zaidi, kwa sababu atakubali.

Ili hapana yake isimuumize mtu, kazi nyingine ni yetu sisi wengine, na ifanywe kabla ya maji. Kila kijiji kiandike majina ya akina mama wanaokaribia kujifungua, wahamie upande wenye hospitali mapema, wakae kwa jamaa. Wenye dawa za kila siku, za kisukari, za presha, za virusi vya UKIMWI, waongee na kliniki wapewe za kutosha kabla mto haujapanda. Wanafunzi wa mtihani walale upande wa shule. Mbegu, chumvi na mafuta ya taa vivushwe sasa, wakati mchanga bado unaonekana. Tukifanya hivyo, mama aliyeketi chini ya mwembe hatakuwa na sababu ya kulia, na mzee hatalazimika kuchagua.

Nami nitimize upande wangu. Tangazo langu la mafuriko halitasema tena "msivuke" likaishia hapo. Litasema maji yanatarajiwa lini, kutokana na taarifa za Idara ya Hali ya Hewa na za wanaosimamia mabwawa. Litasema vivuko gani visitumike. Litasema mwenye shida ya dharura aende wapi na ampigie nani. Nitaliandika kwa Kiswahili, na nitaomba lisomwe kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa. Nikikosa kufanya hivyo, mnajua ofisi yangu ilipo.

Baba zangu na mama zangu, mto huu ndio uliotulea. Mafuriko ndiyo yanayoleta udongo mweusi ambao mpunga, ndizi na maembe yetu hukua ndani yake. Hatuwezi kuuchukia na hatuwezi kuuhama. Tunachoweza ni kukubali kwamba kuna siku ambazo mto si wetu.

Wahenga walisema, kawia ufike. Yule mtoto wa homa alikawia usiku mmoja. Mwezi uliopita nilipita pale kivukoni. Alikuwa akicheza mchangani na wenzake, akijenga mtumbwi kwa gome la mgomba.

Sasa nakaa, na kikao ni chenu. Wavushaji watangulie kusema.